Trekta la Mtumba Lianzie kwa Fundi

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Ibaba, wilayani Ileje, mbele ya walimu na watumishi wa serikali waliochanga fedha wakanunua trekta kuukuu la kulimia. Tunayachapa kwa manufaa ya vikundi vingine vyenye nia kama hiyo.)

 

Barua yenu ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya maendeleo ya kilimo cha kisasa. Kwa idhini yenu nitaliacha jina hilo kubwa ndani ya bahasha, nizungumze juu ya kile kilichoegeshwa chini ya mkaratusi nje ya ukumbi huu. Nimekizunguka mara tatu asubuhi hii. Ni Massey Ferguson 240, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Trekta la nguvu za farasi zipatazo 50, linalojulikana na mafundi wengi. Uchaguzi wenu wa aina hauna lawama. Trekta ambalo vipuri vyake huulizwi mara mbili dukani ni bora kuliko trekta zuri zaidi ambalo vipuri vyake huagizwa kwa meli.

Hata hivyo, mlangoni nilipokelewa na ndugu mmoja, nami sitamtaja, akaniambia: “Linawaka, linatembea, mvua ya kwanza iko karibu. Tunangoja nini?” Nimeelezwa pia kwamba fedha zilizobaki katika mfuko wa kikundi mnakusudia kuzinunulia tela, ili trekta libebe mahindi na matofali wakati halilimi. Swali la ndugu yule na hilo tela ndiyo mambo yaliyonifanya nibadili hotuba yangu yote. Naomba trekta hili lisiingie shambani kabla halijapita mikononi mwa fundi, na fedha za tela ziende huko.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kalamu. Lakini nililelewa Mbozi na mjomba mkulima, ambaye alinunua Massey Ferguson 135 lililokwisha kutumika miaka mingi. Lilipowasili kijijini tulilipigia vigelegele, na kesho yake alfajiri lilikuwa shambani. Wiki ya kwanza lilifanya kazi ya ajabu. Wiki ya pili likaanza kutoa moshi wa buluu, na kila kilima kikawa kirefu kuliko jana. Kisha likawa haliwaki mpaka lisukumwe. Fundi alipoitwa hakuanza na injini. Alifungua bakuli la chujio la hewa, ambalo hutakiwa kuwa na oili ya kunasa vumbi, akatuonyesha kilichokuwamo: tope jeusi, gumu kama ugali uliolala. Hakuna aliyelifungua tangu trekta liliponunuliwa, na pengine muda mrefu kabla ya hapo. Vumbi la shamba lilikuwa limepita moja kwa moja hadi kwenye silinda, likasaga ringi za pistoni kama msasa. Kazi ya kusafisha bakuli lile ingemchukua mtu nusu saa na kiasi kidogo cha oili. Ukarabati wa injini ulimchukua mjomba msimu mzima na ng'ombe wanne.

Ndugu zangu, nchi hii iliona jambo hilohilo kwa ukubwa wa kutisha kabla wengi wetu hatujazaliwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa Kampuni ya United Africa alitoa wazo la kulima karanga katika Afrika Mashariki, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mapya yalikuwa hayapatikani ya kutosha, kwa hiyo yakanunuliwa yale yaliyobaki baada ya vita, mengine yakitoka mbali kama Ufilipino. Mwaka huo wa 1947 haujamalizika, kiasi cha theluthi mbili ya matrekta hayo ya mitumba kilikuwa hakifanyi kazi. Yalifika yakiwa yamechoka; vipuri vilikuwa haba; karakana haikuwa tayari kuyapokea; madereva walifundishwa kwa haraka. Na udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji.

Mpango ule ulivunjwa Januari 1951, baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Sisemi kwamba matrekta peke yake ndiyo yaliyouua. Mvua za Kongwa zilikuwa na sehemu yake, na kiburi cha kupanga kilimo ukiwa London kilikuwa na sehemu kubwa zaidi. Lakini inafaa tujiulize: ikiwa serikali yenye hazina na wahandisi ilishindwa kuyaendesha matrekta makuukuu kwa sababu iliyatanguliza shambani na karakana ikaifuata nyuma, kikundi cha walimu na watumishi wa Ibaba kitawezaje?

Nirudi chini ya mkaratusi. Saa ya injini inaonyesha saa 3,100. Muuzaji aliwaambia kuwa hizo ni chache, nanyi mkafurahi. Mimi niliinama nikatazama pedali za klachi na breki. Zimelika hadi mistari yake imefutika na chuma kinang'aa. Saa huweza kuharibika, huweza hata kubadilishwa. Mguu wa dereva haudanganyi. Hatujui trekta hili limefanya kazi kiasi gani, wala hatujui oili iliyomo iliwekwa lini. Kwa hiyo tulichukulie kama mgonjwa aliyefika zahanati bila cheti.

Oili ya injini imwagwe yote, ikiwa ya moto, na filta yake ibadilishwe. Kabla ya kuimwaga itazameni rangi. Ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo hakuna kuliwasha tena mpaka kichwa cha injini kifunguliwe na gasketi ikaguliwe. Oili mpya ikishawekwa, msingoje muda wa kawaida wa kitabu. Imwageni tena baada ya saa 50 hivi, kwa sababu oili mpya hubandua masizi ya miaka iliyopita na kuyabeba. Baada ya hapo fuateni kitabu. Na kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuhesabu kilomita za magari, naomba tufanye hesabu ndogo: trekta likilima saa 10 kwa siku, saa 250 hutimia katika siku 25. Yaani oili ambayo mwenye gari huisahau kwa miezi, mwenye trekta huidaiwa kabla mwezi wa kulima haujaisha.

Katika trekta za aina hii oili ya gia na ile ya haidroliki, inayoinua jembe, ni moja. Uchafu ulioingia upande mmoja unasafiri hadi upande wa pili. Ndiyo maana trekta hunyanyua jembe kwa kusitasita, watu wakalaumu pampu, kumbe pampu inakunywa tope.

Juu ya dizeli nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa hapa ndipo vijiji vingi huumia. Pampu inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli imetengenezwa kwa mianya myembamba kuliko unywele. Tone la maji au punje ya mchanga huiharibu, na ni mojawapo ya sehemu za bei kubwa zaidi katika injini. Dizeli yetu husafiri kwa mapipa. Pipa hukaa nje, hunyeshewa, hufunguliwa kwa mikono yenye udongo. Basi pipa likifika liachwe litulie, na dizeli ivutwe kutoka juu, isivutwe kutoka kitakoni. Ichujwe kwa kitambaa safi. Tangi lijazwe jioni baada ya kazi, si asubuhi, maana tangi tupu katika usiku wa baridi wa milima hii hutengeneza maji yake lenyewe. Filta za dizeli zibadilishwe sasa. Zikishabadilishwa hewa itakuwa imeingia kwenye njia, na injini haitawaka hata mkiisukuma hadi Isongole. Mtalegeza skrubu ya juu ya filta, mtapiga kile kipini cha pampu ndogo kwa mkono mpaka dizeli itoke bila povu, mtaikaza, kisha mtafanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa, na mwisho kwenye mirija ya nozeli. Mwalimu wa sayansi aliyeko hapa ataeleza sababu yake vizuri kuliko mimi. Lakini dereva lazima ajue kwa vidole vyake.

Rejeta isafishwe na mkanda wa feni utazamwe. Injini ikichemka msiimwagie maji baridi. Grisi iwekwe kila siku kwenye maungio ya ekseli ya mbele. Nati za magurudumu zikazwe, kisha zikazwe tena baada ya siku ya kwanza ya kazi. Namba ya injini na ya fremu zilinganishwe na kadi kabla hamjamaliza kumlipa muuzaji; hili nadhani Mhasibu amekwisha kulifanya, naona anatikisa kichwa kukubali.

Sasa jambo ambalo haliwezi kurudishwa na kipuri chochote. Ibaba si Momba. Kule chini trekta hulima tambarare. Hapa mashamba yetu yameegemea milima. Trekta lenu halina fremu ya kumlinda dereva likipinduka. Naomba fundi atengenezewe nafasi ya kuifunga iliyo imara, na mpaka itakapofungwa msilipeleke kwenye miteremko mikali hata mwenye shamba akilipa mara mbili. Upana wa magurudumu ya nyuma uongezwe kadiri ekseli inavyoruhusu. Pedali mbili za breki ziunganishwe kwa kipingo kila mnapokwenda barabarani, kwa maana ukikanyaga moja tu kwa kasi trekta hugeuka ghafula. Mkivuta gogo au gari lililokwama, mnyororo ufungwe chini, kwenye ndoano ya kuvutia. Ukifungwa juu, trekta huinua pua na kumwangukia dereva kwa nyuma, na hutokea upesi kuliko mtu anavyoweza kukanyaga klachi. Wala mtoto asipandishwe juu ya madigadi. Najua watoto wa shule watalikimbilia. Ninyi ni walimu wao.

Kuna mashamba hapa ambayo hayatalimwa na trekta kamwe, na hiyo si aibu. Mwalimu Nyerere alisisitiza mara nyingi jembe la kukokotwa na ng'ombe, wakati ambapo wasomi wengi waliona ni kurudi nyuma. Ng'ombe hupanda pale ambapo Massey Ferguson ingemuua mtu. Msiwauze ng'ombe wenu kwa ajili ya vipuri kama alivyolazimika mjomba.

Nimefika kwenye fedha, ambako najua nitaudhi. Trekta hili ni mali ya watu wengi, wenye mishahara na wenye mikopo. Kitu cha watu wengi hupendwa na wote siku ya kufika, na siku ya kukinunulia filta kila mmoja humtazama mwenzake. Ninapendekeza mambo machache tu. Tela lingoje msimu ujao. Dereva awe mmoja, na msaidizi wake mmoja, wala si kila mwanachama mwenye leseni ya gari. Kila ekari itakayolimwa kwa malipo, sehemu ya fedha iwekwe kando kwa matengenezo kabla ya kugawana chochote, na sehemu hiyo isikopeshwe, hata kwa msiba. Nasema hata kwa msiba, wazee wangu mniwie radhi. Msiba una mchango wake.

Na liwepo daftari. Dereva aandike kila jioni saa za injini, dizeli iliyoingia, oili iliyoongezwa, na lolote aliloliona au kulisikia: moshi mweusi, mlio mpya, tone chini ya gia. Watumishi wa serikali tunasemwa kwa kupenda makaratasi. Hapa mapenzi yetu yatafaa. Oili inayoongezwa kidogo kidogo kila siku haionekani na mtu yeyote. Ikiandikwa kwa wiki tatu, daftari lenyewe litawaambia kwamba ringi zimeanza kwisha, kabla moshi wa buluu haujawaambia majirani.

Ndugu aliyeniuliza mlangoni tunangoja nini, jibu langu ni siku nne au tano. Fundi kutoka Tunduma ameniahidi atafika Ijumaa jioni na filta zote, na Jumamosi saa mbili asubuhi ataanza kwa kumwaga oili. Amesema anataka wanachama wote wawepo, si dereva peke yake, na kwamba hatashika spana kabla bakuli la chujio la hewa halijafunguliwa mbele yenu. Mwenye suruali kuukuu aje nayo.