Kabla Leja Hazijafungwa

(Maneno haya yalisemwa kwa niaba ya kamati mbele ya wafanyakazi wa mabohari na maduka ya jumla waliokutana Misikhu. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu au safarini na malori.)



Twawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliotoka Kitale na Bungoma kwa nauli yenu wenyewe siku ya mapumziko. Hatutawachelewesha, kwa kuwa twajua wengine wenu mtapakia mali alfajiri.

Jambo lililotukusanya ni hizi kompyuta mpya zinazoletwa bohari. Mabohari ya njia hii hayafanani. Yako ambayo mpaka leo kazi yake ni leja, kadi ya stoo iliyotundikwa kwa msumari juu ya kila rundo, na ankara za kaboni nakala tatu. Yako mengine yana kompyuta ya zamani ambayo aliyeitengeneza alikwenda zake miaka mingi, nayo ikizimika hakuna wa kuiamsha ila karani mmoja, na karani huyo akishikwa na malaria bohari zima laugua pamoja naye. Sasa matajiri wanabadilisha. Wengine wamekwisha badilisha. Wanachama wamekuwa wakija ofisini kutuuliza: Je, Chama kinasemaje? Tukatae?

Twajibu waziwazi kwamba hatukatai. Leja haikuwa rafiki yetu. Ni nani humu ambaye hajakesha kuhesabu mali mwisho wa mwezi bila kulipwa ovataimu, kwa sababu ukurasa mmoja wa leja ulilowa chai? Ni dereva gani ambaye hajangoja mpaka saa nane mchana akiandikiwa ankara kwa mkono, kisha akalaumiwa kwa kufika Kiminini usiku? Tena Serikali yenyewe imekwisha kulifunga jambo hili. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa biashara nyingi gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi katika hesabu ya kodi. Mwenye duka anayenunua kwenu ataidai ankara hiyo, na akiikosa atakwenda kununua kwingine. Bohari lisilouza halina mishahara.

Basi kompyuta zije. Neno letu la leo ni jinsi zinavyoingia, na hasa ile siku moja ambayo leja inafungwa na kompyuta inafunguliwa. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Tutawaeleza jambo lililompata mwanachama wetu mmoja, mtunza stoo, katika bohari moja la barabara hii. Hatutaji jina lake wala la kampuni, kwa kuwa mambo yalikwisha kwa mapatano. Bohari lile lilifunga leja Ijumaa, likaanza kompyuta Jumatatu. Hakuna aliyehesabu mali. Kijana aliyeletwa na wauzaji wa mtambo aliketi ofisini siku mbili akinakili majina ya bidhaa, naye hakuingia stoo hata mara moja.

Sasa ninyi mnaobeba unga wa mahindi mwajua kwamba beli moja lina kilo 24. Lakini yako mabeli ya pakiti 12 za kilo mbili, na yako ya pakiti 24 za kilo moja. Mgongo wa mbebaji hauwezi kuyatofautisha, uzito ni ule ule. Kijana yule aliiambia kompyuta kwamba kila beli lina pakiti 24. Yakaja mabeli 40 ya pakiti za kilo mbili. Kompyuta ikaandika pakiti 960. Stoo ilipokea pakiti 480. Unga ukauzwa pakiti kwa pakiti kwa wenye vioski, kila pakiti kwa risiti, na pesa zikaingia zote. Mwisho wa mwezi kompyuta ikasema pakiti 480 zimepotea.

Fikirini jambo hilo kidogo. Pakiti 480 za kilo mbili ni kilo 960, karibu tani nzima. Mzee yule angeiibaje tani ya unga bila lori, bila wabebaji, na askari yuko langoni usiku na mchana? Hakuna aliyeuliza. Meneja alikitazama kioo cha kompyuta, akamtazama mzee, akasema mtambo haudanganyi. Barua ya kukata mshahara ikaandikwa siku ile ile.

Kilichomwokoa ni kadi ya zamani. Aliambiwa aache kuiandika, lakini kwa mazoea ya miaka mingi aliendelea kuijaza kwa penseli kila lori lilipoingia. Mwakilishi wetu aliichukua kadi ile, akaiweka kando ya hati ya lori: mabeli 40, kila beli pakiti 12. Haikuchukua dakika kumi kosa likaonekana. Na wiki ile ile ilikuwa imetoka amri kwamba leja na kadi zote zikachomwe nyuma ya stoo ili kupata nafasi. Zingechomwa siku tatu mapema, leo mzee yule angekuwa analipa unga ambao haukupata kuwako duniani.

Msidhani haya ni mambo ya huku kwetu tu, kwa kuwa twaitwa wageni wa mitambo. Posta ya Uingereza ilianza mwaka 1999 kuweka mtambo ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, katika ofisi ndogo za posta badala ya hesabu za karatasi. Wenye kuziendesha ofisi hizo wakaanza kuona upungufu jioni wasiouelewa. Walitakiwa kuujaza kwa pesa zao. Wako walioweka akiba yao yote humo, wako waliopoteza nyumba. Watu zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi na kuandika hesabu za uongo, wengi wao wakishtakiwa na Posta yenyewe. Wako waliotiwa gerezani, na wako waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo.

Hatimaye mmoja wao, Alan Bates, alianza kuwatafuta wenzake. Walikwenda mahakamani watu 555 pamoja, na Desemba 2019 hakimu akasema kwamba mtambo ulikuwa na makosa yaliyoweza kuleta upungufu wa uongo, na kwamba watu wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za ofisi kutoka mbali, mwenye ofisi asijue. Mwezi Mei 2024 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuzifuta hukumu zile. Ilikuwa imepita miaka 25 tangu mtambo uanze.

Likumbukeni neno lile, "ni wewe peke yako". Ndilo neno analoambiwa taniboi wetu anapoitwa ofisini peke yake. Kila mtu akiificha barua yake ya upungufu kwa aibu, hatutajua kamwe kwamba barua kama hiyo wanayo watu sita katika bohari moja, na wote sita katika mwezi mmoja, mwezi ambao kompyuta ilianza. Watu sita hawawi wezi kwa siku moja.

Tutazame sheria. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema ni pesa zipi tajiri aweza kukata katika mshahara. Mali ikiharibika au kupotea, aweza kukata kiasi cha haki iwapo jambo hilo lilitokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Upungufu wa pesa taslimu aweza kuukata kwa yule tu ambaye mkataba wake wataja wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa, tena uwe umetokana na uzembe wake au kutokuwa mwaminifu. Na makato yote pamoja hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Basi kioo cha kompyuta kikisema "pakiti 480 hazipo", hicho ni kioo tu. Hakijaonyesha makusudi ya mtu yeyote. Na kama anataka kukufukuza kwa sababu hiyo, kifungu cha 41 chamtaka akueleze kosa kwa lugha unayoifahamu, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa Chama uliyemchagua. Usiingie ofisini peke yako. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma, hata ukiambiwa ni ya kawaida. Hasa ukiambiwa ni ya kawaida.

Matajiri nao twataka wasikie jambo moja, maana twajua gazeti hili huwafikia kabla ya kuwafikia ninyi. Kulikuwa Marekani kampuni ya kusambaza dawa kwa jumla, jina lake FoxMeyer, moja ya kubwa kabisa katika nchi ile. Mwaka 1993 iliamua kutupa mitambo yake ya zamani na kuweka programu ya SAP, na papo hapo ikajenga bohari jipya la mashine katika jimbo la Ohio. Mtambo wa zamani uliweza kupitisha oda 420,000 kwa usiku mmoja. Ule mpya ulipoanza ulipitisha kama 10,000. Wafanyakazi wa mabohari ambayo yangefungwa walipoona hawana kesho, wengi waliondoka, na kazi ya waliobaki ikaharibika moyo, mali ikipotea na kuvunjika. Agosti 1996 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika, na mwisho biashara yake ikanunuliwa na mshindani wake, McKesson. Hatusemi bohari la Kitale litakuwa hivyo. Twasema tu kwamba aliyekimbilia kufunga kitabu cha zamani kabla kipya hakijapimwa hakuwaumiza wafanyakazi peke yao.

Basi tumeandika barua kwa matajiri, na mnayo haki ya kujua yaliyomo. Twataka siku ya kubadilisha, mali yote ihesabiwe stoo, rundo kwa rundo, karani wa kampuni na mwakilishi wa wafanyakazi wakiwa pamoja, na karatasi ya hesabu hiyo itiwe sahihi na pande zote mbili, kila upande ubaki na nakala. Hesabu hiyo ndiyo iingizwe katika kompyuta. Kipimo cha kila bidhaa, yaani beli lina pakiti ngapi, katoni lina vipande vingapi, kikaguliwe na watu wa stoo wanaoifungua katoni kila siku. Twataka kadi na leja ziendelee pamoja na kompyuta kwa miezi mitatu, na katika miezi hiyo asikatwe mtu mshahara kwa upungufu unaoonekana katika kompyuta peke yake. Na vitabu vya zamani visichomwe. Tumeambiwa havina nafasi ya kuwekwa. Mtu mwenye bohari la kuweka magunia elfu asituambie amekosa pembe ya kuweka vitabu ishirini.

Liko pia neno la siri. Katika bohari moja tulikuta watu watano wakitumia neno moja la siri, la karani, limeandikwa kwa kalamu ukutani ili asisumbuliwe kuulizwa. Ndugu zetu, kompyuta humwandika yule ambaye neno lake limetumika, haiuoni uso. Anayekuazima neno lake amekuazima sahihi yake. Kila mtu apewe lake, na tajiri atuambie ni nani mwingine awezaye kuingia katika hesabu zetu, hata akiwa Nairobi.

Kuhusu kazi zenyewe, hatutawaficha. Makarani wa leja ni wengi kuliko watakaohitajika. Kifungu cha 40 chamtaka tajiri akitaka kupunguza watu atupe sisi Chama na afisa wa leba taarifa, na sababu zake, mwezi mmoja kabla. Katika kuchagua atazame miaka ya kazi, ujuzi na uaminifu, si sura. Na anayeondoka alipwe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi, pamoja na likizo anayodai. Lakini kabla ya kufika huko twataka makarani hao wafundishwe kompyuta kwanza, saa za kazi, si jioni kwa gharama yao. Tumesikia meneja mmoja akisema wazee hawatajifunza. Wazee hao hao tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007 wanatuma pesa kwa simu na kusoma salio gizani bila miwani.

Dereva mmoja ametuuliza kuhusu zile simu ambazo kampuni inawapa, zinazoonyesha lori liko wapi hata wakati yeye yuko nyumbani amelala. Liko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nayo yampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zakusanywa kwa kazi gani. Jambo hili ni refu, tutalitafutia siku yake.

Kwa leo, yeyote mwenye karatasi ya mshahara iliyokatwa pesa za upungufu tangu bohari lake lilipopata kompyuta, ailete kwa mwakilishi wake kazini kabla ya mwisho wa mwezi, hata kama makato ni shilingi mia mbili, hata kama amekwisha kuyakubali. Tutaziweka karatasi zote mezani pamoja na kutazama tarehe. Na walio katika bohari ambalo bado halijabadilisha, mtuletee jina la mtu mtakayemchagua kusimama katika kuhesabu. Awe mtu wa stoo, anayejua kusoma hati ya lori, na asiyeona haya kusema "hesabu tena".