Vinyunyizio Kumi vya Philadelphia

Usiku wa tarehe 23 Februari 1991, moto uliozuka katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, mjini Philadelphia, Marekani, kwa sababu ya matambara yaliyoloa mafuta ya kitani, uliteketeza ghorofa nane na kuziondoa roho za askari watatu wa zimamoto. Na maji ya mipira yao yalikosa nguvu kwa kuwa vali za kupunguza msukumo zilikuwa zimewekwa kwa kipimo kisicho sawa, kosa ambalo jaribio la maji lingalilidhihirisha mapema. Moto ulipofika ghorofa ya 30, vinyunyizio kumi tu vya maji vilifunguka kwa joto, vikauzuia.

Lakini hata vinyunyizio, ambavyo huenda vikakaa miaka mingi pasipo kazi, huharibika kwa siri: kutu huziba mabomba, rangi ya ukuta hukifunika kichwa cha kinyunyizio kikachelewa kufunguka, na vali kuu, ambayo fundi aliifunga kwa matengenezo, husahauliwa ikiwa imefungwa. Kwa hiyo yalazimu angalau mara moja kwa mwaka bomba kuu la kumwagia lifunguliwe, na kipimo cha msukumo kilinganishwe na cha mwaka uliotangulia. Mwenye jengo anayetosheka na cheti kilichotundikwa ukutani amewadhulumu wapangaji wake, nao wana haki ya kulitaka daftari la majaribio hayo walione.