Kesi ya dada yetu isimaliziwe ofisini kwa bosi
(Hotuba kwa vijana wa Chamazi, Temeke)

Nitaongea kifupi, wengine mnarudi Mbande na Msongola, na usafiri wa huko mnaujua.

Hapa wapo dada zetu wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi viwandani Barabara ya Kilwa. Supavaiza akimshika mmoja wao bila ridhaa, akaenda kulalamika, anaambiwa nini? "Tuyamalize humu humu." Anakalishwa na afisa utumishi anayelipwa na kiwanda kilekile, anasainishwa karatasi ya kunyamaza. Mkataba wake ukiisha, hauongezwi. Basi.

Marekani waajiri waliliandika kabisa kwenye mikataba: siku ya kuanza kazi unasaini kwamba mgogoro wowote utaamuliwa faragha na msuluhishi, si mahakamani. Mwaka 2016 mtangazaji Gretchen Carlson alipomshtaki bosi wa Fox News, Roger Ailes, kwa unyanyasaji wa kingono, mawakili wa bosi walikimbilia kifungu hicho hicho. Tarehe 3 Machi 2022 Rais Biden akasaini sheria: kwenye unyanyasaji na shambulio la kingono, kifungu hicho hakimfungi mlalamikaji. Akitaka usuluhishi, sawa. Akitaka mahakama, aende. Na vyama vyote viwili viliiunga mkono, jambo ambalo kwenye Bunge letu lingekuwa muujiza!

Sisi je? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, inasema unyanyasaji wa kingono ni kosa la jinai: jela hadi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote. Laki mbili! Hiyo ni simu ya mchina. Bosi anailipa huku anacheka.

Kwa hiyo tunadai mawili. Sheria ya ajira itamke wazi kwamba hakuna mkataba wala kikao cha ndani kinachoweza kumzuia mfanyakazi kwenda polisi au mahakamani kwa jambo hili. Na hiyo faini ya laki mbili ifutwe.

Wakati tunapigania hayo, dada, usisaini chochote siku hiyo hiyo. Nenda na mtu unayemwamini kwenye Dawati la Jinsia polisi. Na wakikuachisha kazi, una siku 30 tu za kufungua mgogoro CMA. Zihesabu tangu siku uliyoachishwa, usisubiri kikao walichokuahidi.