WAYA UKIKUA, NA MFANYAKAZI AKUE
Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa Migori na Homa Bay

Ndugu wafanyakazi,

Tumeulizwa: ninyi watu wa reli mwaja Homa Bay kusema habari ya televisheni kwa sababu gani, na hapa hapana hata taruma moja? Ni kweli. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka pale wazee wetu walikuja huku kwa meli. Lakini kazi ya waya na kazi ya reli ni ndugu. Zote mbili huanza na njia kuu, kisha matawi, na zote mbili hujengwa kwa mikono ya watu.

Tutazame jinsi kampuni moja ilivyokua. Kampuni ya Wananchi ilianza Nairobi mwaka 1999 ikiuza intaneti. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika Mombasa. Kampuni ikatandaza waya wake katika mitaa ya Nairobi na Mombasa kwa jina la Zuku, na katika waya mmoja ikapitisha televisheni, intaneti na simu. Faiba, nyembamba kama unywele, huchukua mwanga hadi sanduku la mtaa. Kutoka hapo waya wa shaba huingiza picha nyumbani.

Kwa nini mitaa ile kwanza? Kwa sababu gharama kubwa ni kufungua njia. Njia ikiisha kupita, kila nyumba inayoongezwa huleta faida. Magorofa ya Nairobi yana nyumba mia mahali pamoja. Huku kwetu, kati ya nyumba na nyumba kuna shamba la mahindi. Ndiyo maana dishi lilitangulia, kwa kuwa dishi halitaki nguzo. Na mwaka 2015, matangazo ya namna ya zamani yalipozimwa, kila mwenye televisheni alilazimika kutafuta king'amuzi.

Sasa faiba imefika miji ya Migori na Homa Bay, na vijana wetu wanapanda nguzo. Sisi hatupingi. Mtoto wa Rongo na asome kama mtoto wa Nairobi, na mvuvi wa Mbita aone habari za dunia.

Lakini tumekaa na vijana hao tukasikia mambo. Mmoja alianguka kutoka juu ya nguzo akavunjika mguu. Kampuni ikasema: huyu si mtu wetu, ni mtu wa kontrakta. Kontrakta akasema: huyu ni kibarua wa siku, na siku yake imekwisha. Basi mguu ule ulivunjika kwa kazi ya nani?

Ndugu, sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja haesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Atalipwa kwa mwezi, na tajiri hawezi kumfukuza bila notisi. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yamtaka kila tajiri awe na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Na kontrakta naye ni tajiri.

Lakini sheria haitembei yenyewe, yataka ushahidi. Kwa hiyo kila kijana wa waya awe na daftari. Aandike tarehe, mahali, na jina la aliyemtuma. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo asiufute, maana huo ni shahidi asiyesahau. Na asipande nguzo bila mkanda, hata akiambiwa wako wengine wanaoitaka kazi hiyo. Kisha ajiunge na chama cha wafanyakazi wa mawasiliano, COWU. Wakijiunga zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa tajiri mmoja, sheria yamlazimu tajiri yule akitambue chama.

Na sasa twajibu lile swali la kwanza. Tom Mboya, aliyezikwa hapa karibu katika kisiwa cha Rusinga, kazi yake ya kwanza ilikuwa ukaguzi wa afya mjini Nairobi. Hakuwa mchukuzi wa bandari. Lakini mwaka 1955 wachukuzi wa Mombasa walipogoma, alikwenda akasimama nao, na mshahara wao ukaongezwa. Hakuuliza kama kazi ile ni yake.

Nasi tumekuja kwa njia hiyo. Kampuni zihesabu nyumba zilizofungiwa waya, ni haki yao. Sisi tuhesabu watu waliozifungia, na tuulize kila mmoja: una barua ya kazi? Una bima? Una kadi ya chama? Asiyekuwa nayo, tusimwache juu ya nguzo peke yake.

Umoja ni nguvu.