Barabara ni Haki, si Zawadi

Wachungaji wetu, akina mama, vijana na wapenda mageuzi,

Tumeulizwa kama mtu wa kijijini anaweza kuishi bila gari lake mwenyewe. Tutazame wenyewe tulivyofika hapa: wengi wetu tumekuja kwa miguu, kwa matatu au kwa bodaboda. Hayo ndiyo maisha yetu. Linalotupasa kuuliza ni kama safari hizo ni salama, na ni nani mwenye wajibu wa kuzitengeneza.

Nchi yetu, mashariki ya Mlima Kenya, ni migongo iliyokatwa na mito. Katika barabara kuu ya Embu hadi Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, matatu hazikosekani. Taabu huanza abiria anaposhuka. Mvua ikinyesha, njia ya kijijini huwa tope, matatu haiingii, na mama mja mzito hupakiwa kwenye pikipiki. Hata penye lami tumelia: mnamo Julai 2022 zaidi ya watu 30 walifariki basi lilipotumbukia bondeni kwenye daraja la Nithi.

Asiwepo wa kutuambia kwamba haya si siasa. Robin Burgess na wachumi wenzake walichunguza barabara za Kenya tangu 1963 hadi 2011. Katika utafiti uliochapishwa 2015, walionyesha kwamba wilaya za kabila la rais zilitumiwa fedha za barabara maradufu, na kwamba upendeleo huo ulitoweka nyakati za vyama vingi. Basi kufutwa kwa kifungu cha 2A, Desemba 1991, kulimhusu hata mwenye kwenda kwa miguu.

Leo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti barabara za kaunti na usafiri wa umma barabarani. Kwa hiyo kila kanisa na liandike orodha yake: mto usio na kivuko, njia ya zahanati isiyo na changarawe, kituo kisicho na kibanda, vijana wa bodaboda wasio na mafunzo wala kofia ngumu. Tuipeleke orodha hiyo kwenye vikao vya bajeti, kisha turudi mwaka ufuatao kuuliza kilichotendeka.

Gari la mtu mmoja hubeba jamaa yake. Njia njema hubeba kijiji kizima.