Kurudi haiko mustari mumoja: namna ya kuandika na kuchora safari zetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba na wageni wa shirika, Lubumbashi. Tumeyaandika karibu vile yalisemwa.)



Komite iliniomba nieleze namna ramani zinaweza kusaidia shirika letu. Nitasema juu ya ramani za aina moja tu, zile zenye kuonyesha watu wanaotembea. Kuchora barabara ni kazi nyepesi, juu barabara inalala fasi moja. Mutu halali fasi moja. Mutu ana fasi na ana wakati, na vyote viwili vinageuka pamoja. Ukiandika fasi na kusahau wakati, umeandika nusu.

Jambo ninalotaka mutoke nalo hapa ni hili: kurudi haiko mustari mumoja kutoka kule mpaka hapa. Ni safari ya vipande vingi, na kati ya vipande kuko kungoja. Kama listi yetu haionyeshi vile vipande na kule kungoja, musaada utafika fasi ambayo watu wamekwisha kutoka, ao utafika kisha mvua.

Mushale unaficha nini

Mumeona zile ramani kwenye ukuta wa biro za mashirika: mushale munene unatoka Zambia, unaingia Pweto, na namba juu yake. Ule mushale hausemi uongo. Kuanzia mwaka wa 2007, HCR ilirudisha watu wengi kutoka kambi za Mwange na Kala. Wengine walipita kwa kamyo mpaka Pweto, wengine kwa mashua kutoka Mpulungu, juu ya ziwa Tanganyika, mpaka Moba. Mwange ikafungwa mwaka wa 2010. Kisha, mwaka wa 2017, watu walikimbia tena. Zambia ikafungua Mantapala, upande wa Nchelenge, mwaka wa 2018, na kurudi kwa mpango kutoka kule kukaanza mwezi wa 12 wa 2021. Hayo yote yako sawa.

Lakini tutwae mama mumoja. Ni mufano tu, musitafute jina lake. Mwezi wa 12 wa 2000, vita inafika Pweto, anavuka. Analala miezi kwa jamaa upande wa Zambia, anaingia Kala 2001. Anakaa kule miaka saba. Mwaka wa 2008 anarudishwa Pweto. Nyumba hakuna, shamba limetwaliwa na wengine. Anashuka Kasenga kwa dada yake, anakaa musimu mumoja. Kisha anakuja Lubumbashi, anapanga chumba Ruashi. Tangu pale, kila mwaka mwezi wa 11 anapanda Pweto kulima kashamba alikorudishiwa, na mwezi wa 5 anarudi Ruashi na mahindi yake.

Sasa niambieni: ule mama ni wa Pweto ao wa Ruashi? Mushale unasema: Zambia mpaka Pweto, 2008, kazi imekwisha. Mwenye kuhesabu Pweto mwezi wa 1 anamukuta shambani, anamuandika. Mwenye kuhesabu Ruashi mwezi wa 7 anamukuta nyumbani, anamuandika. Mutu mumoja amekuwa wawili. Na mwenye kuhesabu Ruashi mwezi wa 1 hamukuti hata kidogo. Kwa ile listi, mama haiko. Hakuna mutu aliyeiba, hakuna aliyedanganya. Kolone ya wakati ndiyo ilikosa.

Kungoja ni kipande cha safari

Kulikuwa muzee mumoja wa Uswidi, Torsten Hägerstrand, mutu wa jeografia. Mwaka wa 1970 alieleza namna ya kuchora ambayo mutoto wa shule anaweza kuelewa. Weka ramani juu ya meza. Ile meza ni inchi. Kutoka meza kwenda juu, ule urefu ni wakati. Sasa shika kamba. Mutu akikaa fasi moja, kamba inapanda wima. Akitembea, kamba inalala upande. Akitembea kwa mbio, inalala zaidi.

Chora safari ya ule mama kwa kamba. Kwenye ramani ya kawaida, Kala ni nukta ndogo tu. Kwa kamba, Kala ni nguzo ndefu ya miaka saba. Pale watoto walisoma, pale wengine walizaliwa, pale karatasi zilitolewa. Kutoka Kala mpaka Pweto, ni siku chache tu za barabara. Tunahesabu zile siku chache na kusahau miaka saba!

Wenzetu waliofukuzwa Katanga miaka ya 1992 na 1993 kwenda Kasai wanajua hili jambo vizuri. Watu walilala miezi kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi, wakingoja treni. Kwenye ramani ya mishale, Likasi mpaka Kasai ni mustari mumoja mwekundu. Magonjwa na njaa havikungoja mwisho wa mustari; vilikuwa pale gare. Kwa mwenye kuleta maji na dawa, namba ya wenye kungoja ina faida kuliko namba ya wenye kufika.

Kuko ramani nyingine ya zamani yenye kufundisha. Mwaka wa 1869 Mufaransa Charles Minard alichora safari ya jeshi la Napoléon kwenda Urusi mwaka wa 1812. Alichora kama mukanda: pale jeshi lilikuwa kubwa mukanda ni munene, pale watu walikufa unakuwa mwembamba. Unaanza na watu 422,000, na wenye kurudi ni 10,000. Chini ya mukanda wa kurudi aliweka baridi ya kila siku ya maana. Ukitazama mara moja unaona hesabu, fasi, wakati na baridi, vyote pamoja.

Sisi hatuna baridi ya Urusi; tuko na mvua. Nawaomba tuchore mukanda wetu namna ile: unene wake ni hesabu ya familia, na chini yake miezi ya mvua na ya kiangazi. Barabara ya Kasomeno na Kilwa kwenda Pweto haiko ile ile mwezi wa 8 na mwezi wa 2. Mbegu za mahindi zinapaswa kuwa mukononi mbele ya mvua kushika, mwezi wa 11. Mbegu ikifika mwezi wa 1 inakuwa ugali wa siku tatu. Ramani isiyokuwa na miezi haiwezi kukuonya.

Neno moja kwa vijana wenye kuchora kwa ordinatere. Programu ikipewa fasi mbili inaziunganisha na mustari wa rula. Unganisha Pweto na Kasenga vile, na mustari utapita katikati ya maji ya ziwa Mweru. Mwenye kutazama atafikiri watu walivuka kwa pirogi, kumbe walizunguka kwa barabara. Kama hatujui njia, tuchore nukta-nukta, ili kila mutu aone kama njia haijaulizwa.

Simu inaona nini, na haioni nini

Wengine wanauliza: juu ya nini tusitumie simu? Kila simu inaacha alama kwenye antene. Ni kweli, na imefanywa. Kisha tetemeko la Haiti, tarehe 12 mwezi wa 1 wa 2010, wachunguzi walifuata kadi za simu milioni 1.9, bila majina, na wakakadiria kama watu karibu 630,000 walitoka Port-au-Prince ndani ya siku 19. Ile hesabu ilionyesha pia walikwenda mikoa gani. Hakuna mutu angeweza kuwauliza wote kwa mudomo kwa wakati ule mufupi.

Lakini kwetu, simu ina macho ya upande mumoja. Kuna vijiji rezo haifiki. Kuna nyumba simu ni moja na inashikwa na baba. Akienda kutafuta kazi kwenye machimbo, kadi inaonyesha baba Kolwezi, na mama na watoto sita hawaonekani. Kuna mutu mwenye kadi mbili ao tatu, na karibu na mupaka moja ni ya Zambia. Simu ni nzuri kuonyesha wimbi kubwa la haraka. Haitoshi kujua nani amekosa mbegu.

OIM, shirika la Umoja wa Mataifa la uhamaji, inafanya namna nyingine. Mpango wake wa kufuata watu wenye kuhama ulianza Iraki 2004, na hapa Congo uko pia. Wanauliza mashefu wa vijiji, walimu, wauguzi: familia ngapi zimetoka, ngapi zimeingia, kutoka wapi, lini. Inafika mbali kwa feza kidogo. Lakini shefu anajua wenye kumusalimia. Mujane anayelala kwa jamaa kimya-kimya, pengine hamuhesabu.

Kwa hiyo shirika kama letu lina kazi yake: tunajua watu kwa uso. Hakuna antene inaweza kufanya ile.

Namna ya kuuliza

Musiulize mutu «Ulifika tarehe gani?» Atawapa tarehe yoyote ili mumuache. Ulizeni kwa mambo anayokumbuka. Ilikuwa mbele ao kisha kifo cha Muzee Kabila? Hiyo ni mwezi wa 1 wa 2001. Mbele ya uchaguzi wa 2006? Wakati Mazembe walicheza na Inter kule Abu Dhabi? Hiyo ni mwezi wa 12 wa 2010. Wakati walikata mapruvensi? Ni 2015. Kisha: mvua ilikuwa inanyesha ao hapana? Mahindi yalikuwa mabichi ao makavu? Na vile tumepata mwaka na musimu, bila kumuchokesha mutu.

Kwa fasi pia, tuangalie. Mpaka 2015 kulikuwa Katanga moja. Leo ni Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Fishe ya 2008 yenye kusema «Katanga» peke yake haitusaidii: Moba iko Tanganyika, Pweto iko Haut-Katanga. Na majina ya vijiji yanarudiarudia. Basi tuandike kijiji, teritware, na alama moja isiyohama: muto, misioni, shule.

Ninaleta mbele yenu fishe ya maulizo tano. Kwa kila fasi mutu aliyolala zaidi ya mwezi mumoja tunauliza: ni wapi, alifika lini, alitoka lini, walikuwa wangapi wakati ule, na juu ya nini walitoka. Fasi moja, mustari moja. Ule mama wa mufano atakuwa na mistari mingi, na ni sawa. Kisha tunarudi kuuliza mara mbili kwa mwaka, mwezi wa 3 na mwezi wa 8, juu ya wale wenye kupanda na kushuka na musimu.

Majina na ulinzi

Hapa naomba masikio yenu yote. Listi yenye kusema nani alilala wapi na lini ni kitu kikali kama kisu. Mwaka wa 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza alama za simu za watu milioni moja na nusu, majina yametolewa. Fasi nne tu, na saa zake, zilitosha kumutenga mutu peke yake kati ya wengine wote, kwa watu 95 juu ya 100. Kutoa jina haitoshi. Safari ya mutu ni kama jina lake la pili.

Na sisi tunajua inchi yetu. Kuna mwenye kugombania shamba na aliyelitwaa. Kuna mwenye kuulizwa juu ya nini alikuwa upande ule wakati wa vita. Kwa hiyo napendekeza: fishe ziwe na namba, si majina. Daftari la majina likae fasi nyingine, chini ya kufuli, na funguo mbili kwa watu wawili. Ramani zenye kutoka inje zionyeshe teritware na musimu, si nyumba na siku. Kama familia ni chini ya kumi kwa fasi moja, tuziunganishe na jirani zao. Na mutu akikataa kuandikwa, asikose musaada juu ya ile.

Kwa ninyi wafazili

Wafazili wetu, nawasemesha kwa heshima. Tukifanya kazi hii vizuri, namba zetu zitashuka, juu mutu hatahesabiwa mara mbili tena. Musione kama tumepunguza kazi. Pia musituombe listi ya majina ili mukaguwe. Njooni mukague hapa, daftari likiwa juu ya meza na wenye funguo wakiwa wamekaa pale. Na kama kuna feza ya kuhesabu, muikate vipande viwili, moja ya sasa, moja ya kurudi kuuliza kisha musimu. Kuhesabu mara moja ni picha. Sisi tunataka kujua watu wanaenda wapi.

Wanamemba, kura ya fishe iko leo mbele ya chakula. Kama mutakubali, tutaanza na Ruashi na Annexe, fasi wenzetu wengi wanakaa. Tunatafuta watu kumi wa kuuliza, nusu wamama, wenye kusikia Kibemba ao Kiluba. Majina yenu mupeleke kwa sekretere. Mwezi wa 11 uko karibu, na mbegu haingoji.