SINEMA: TUSIHESABU SURA NYEUSI, TUULIZE NANI ANA KAULI



Mmenitaka nizungumzie sinema na siasa. Wengi wetu tukiona sura nyeusi zimejaa kwenye sinema tunapiga makofi, tunasema leo na sisi tumo. Nasema tusikurupuke. Waafrika wamejaa tele katika "Out of Africa", sinema ya mwaka 1985 iliyopigwa Kenya na kuzoa Oscar 7. Lakini wanatumika jikoni na shambani. Ardhi ya Wakikuyu, hadithi ya Wazungu!

Sasa tazameni "Xala" ya mwaka 1975, kazi ya Ousmane Sembène wa Senegali, mtu aliyewahi kuwa kuli wa bandari ya Marseille. Mwanzoni wafanyabiashara wazalendo wanawatimua Wafaransa kwenye chama cha biashara. Watu wanashangilia. Kitambo kidogo Wafaransa wale wale wanarudi na mikoba imejaa noti, kila kigogo anapata wake. Mchezo umekwisha!

Mmoja wao, El Hadji, anaoa mke wa tatu. Benzi yake inaoshwa kwa maji ya chupa, ilhali ameuza mchele wa wananchi akatia pesa mfukoni. Akibanwa na wenzake anataka kujitetea kwa Kiwolofu. Hapana, sema Kifaransa! Na ombaomba je? Polisi wanawasomba na kuwatupa nje ya mji, wasiwakere wakubwa.

Serikali ya Rais Senghor ilifanya nini? Ilikata vipande kabla wananchi hawajaonyeshwa. Senghor huyo huyo aliyesifika duniani kwa kutukuza utamaduni wa mtu mweusi! Kumbe mweusi wa kwenye mashairi anapendwa, mweusi anayeuliza mchele umekwenda wapi anakatwa.

Kwa hiyo mizani yangu ni hii. Nani ana kauli? Anasema kwa lugha ya nani? Na mkasi ameushika nani? Sisemi kila sinema inayowaudhi wakubwa ni ya kweli. Nasema wananchi waachiwe waione, wahukumu wenyewe.

Mwisho wa "Xala" ombaomba wanarudi, wanaingia nyumbani kwa El Hadji. Kipofu mmoja anadai ardhi ya ukoo wake aliyodhulumiwa. Tajiri anavua nguo, wanamtemea mate. Waliofukuzwa mjini wamerudi na kauli yao. Hapo, ndugu zangu, ndipo nasema wananchi wamo kwenye sinema.